Hisa za Benki za Kanada: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kushika na Kupata Gawio kwa Miaka Mingi

Maswali ninayoletewa kuhusu hisa za benki za Kanada yanajirudia mno. Mmoja ameweka fedha kwenye TFSA, akaunti ya Kanada isiyotozwa kodi, katika tawi la benki la mtaani kwake, miaka imepita, anauliza mbona gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, haliji. Ukichungulia akaunti unakuta fedha zimelala kama akiba ya kawaida, hakuna hisa hata moja iliyonunuliwa. Mwingine alipanga benki zote kwa asilimia ya gawio, akanunua iliyokuwa juu, bei ikaporomoka, akauza kwa hasara. Wa tatu kapokea barua ya mamlaka ya kodi, CRA, kwamba amezidisha kiwango cha kuweka kwenye TFSA na anadaiwa faini.

Karibu wote hawa hawakukosea kuchagua benki. Benki kubwa za Kanada ni sita tu, na ukikosea moja hujapotea sana. Watu wanakwama kwenye akaunti, kwenye kusoma asilimia ya gawio, na kwenye subira. Huko ndiko nitakaa muda mrefu. Swali la "ninunue ipi?" nitalijibu kwa kifupi, kwa kuwa halistahili muda linaopewa.

Nimewaandikia wanaoishi Kanada. Aliye Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ana sehemu yake mwishoni. Dola zote humu ni za Kanada, isipokuwa nikisema vinginevyo. Na Muislamu anayejiepusha na riba ajue mapema: benki hizi zinaishi kwa riba, na vipimo vya hisa halali huziondoa. Mwongozo huu haumfai.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Namba ya SIN (namba ya bima ya jamii ya Kanada) na anwani ya Kanada. Bila hivyo dalali, yaani kampuni inayokununulia hisa sokoni, hakufungulii akaunti.

Kadi ya mkopo isiyo na deni. Kadi nyingi hutoza riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna benki itakayokupa gawio la namna hiyo. Ukiwa na deni kwenye kadi ya benki ileile unayotaka kununua hisa zake, wewe ndiye unayewachangia wanahisa gawio lao. Maliza deni kwanza.

Akiba ya dharura. Weka matumizi ya miezi mitatu hadi sita, kisha ongeza tiketi ya ndege na mchango wa msiba. Sisi tulio mbali na nyumbani tunajua simu ya usiku inavyokuja. Fedha hii ikae kwenye akaunti ya akiba, ambako bima ya CDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hulinda hadi dola 100,000 kwa kila aina ya amana katika kila benki mwanachama. Hisa hazina bima hiyo, hata kama ni hisa za benki.

Fedha usizozihitaji kwa miaka saba hadi kumi. Ada ya chuo ya mwakani haimo. Zamu yako ya kupokea upatu haimo.

Akaunti yako ya mtandaoni ya CRA, na jedwali la kuandikia kumbukumbu. Daftari linatosha.

Kiasi cha kuanzia hakina kima cha chini. Dola 500 zinaanza vizuri.

## Hatua ya 1: Jua unachonunua

Benki sita ni hizi, pamoja na herufi zake kwenye soko la hisa la Toronto: Royal Bank of Canada (RY), Toronto-Dominion (TD), Bank of Montreal (BMO), Bank of Nova Scotia inayojulikana kama Scotiabank (BNS), CIBC (CM) na National Bank (NA).

Kwa juu juu zinafanana, ila kila moja imeegemea kwake. Royal Bank ndiyo kubwa kuliko zote, na mwaka 2024 ilimeza tawi la HSBC la Kanada. TD ina matawi mengi mashariki mwa Marekani. BMO ilinunua Bank of the West ya Marekani mwaka 2023. Scotiabank imeweka mtaji mwingi Meksiko, Peru, Chile na visiwa vya Karibi. CIBC inategemea sana mikopo ya nyumba ya Wakanada. National Bank ngome yake ni Quebec, na mwaka 2025 ilivuka kwenda magharibi kwa kuinunua Canadian Western Bank.

Kwa nini gawio lao limedumu? Washindani ni wachache na sheria inawalinda wasimezane. Hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya hisa za kura za benki kubwa, na mwaka 1998 waziri wa fedha Paul Martin alizikatalia benki nne zilizotaka kuungana mbili mbili. Msimamizi wao, OSFI, ni mkali kuhusu mtaji. BMO imelipa gawio kila mwaka tangu 1829, na katika msukosuko wa 2008 na 2009 hakuna hata moja kati ya sita iliyopunguza gawio.

Tahadhari: kutokupunguza gawio si sawa na kutokushuka bei. Kati ya 2007 na mwanzo wa 2009 hisa za benki hizi zilipoteza nusu ya thamani yake, nyingine zaidi. Na Machi 2020 OSFI ilizikataza kuongeza gawio, katazo lililoondolewa Novemba 2021. Gawio liliendelea kulipwa, ila halikukua.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumweleza mwenzio kwa sentensi mbili benki uliyoichagua inapata wapi faida yake na nini kinaweza kuiumiza.

## Hatua ya 2: Chagua akaunti kabla ya hisa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Akaunti ni kapu na hisa ndicho kinachowekwa ndani. Kapu baya hula gawio lako kwa kodi kila mwaka, kapu zuri hulilinda, na kapu tupu halizai chochote.

TFSA. Kwa wengi wetu ianze hii. Gawio na faida ya kuuza havitozwi kodi, na kutoa fedha hakutozwi pia. Ila nafasi ina kikomo. Kiwango cha 2025 kilikuwa dola 7,000, na jumla tangu mpango uanze 2009 hadi 2025 ni dola 102,000.

Namba hiyo ya 102,000 ndiyo inayowaponza wageni. Ni ya mtu aliyekuwa mkazi wa Kanada na ametimiza miaka 18 tangu 2009. Nafasi yako wewe inaanza mwaka ulioingia nchini kama mkazi. Aliyefika 2022 anahesabu hivi: 6,000 za 2022, 6,500 za 2023, 7,000 za 2024 na 7,000 za 2025. Jumla ni 26,500, basi. Akiweka 40,000 kwa kusikia rafiki yake kaweka, amezidisha 13,500, na faini ni asilimia 1 ya kilichozidi kwa kila mwezi, yaani dola 135 kila mwezi mpaka azitoe.

Mtego wa pili: nafasi uliyojaza ukaitoa hairudi siku hiyo. Inarudi Januari 1 ya mwaka unaofuata. Mtu katoa 5,000 Machi kumsaidia ndugu, ndugu karudisha Juni, naye kazirudisha TFSA Juni hiyohiyo. Kama nafasi yake ilikuwa imejaa, tayari ana faini, ijapokuwa ni fedha zake zilezile.

Mtego wa tatu: namba unayoiona kwenye tovuti ya CRA mwanzoni mwa mwaka mara nyingi haijajumuisha miamala ya mwaka uliopita, kwa sababu benki na madalali wana hadi mwisho wa Februari kuipeleka taarifa. Linganisha na jedwali lako.

RRSP. Ni akaunti ya kuweka akiba ya uzeeni. Nafasi yake ni asilimia 18 ya kipato chako cha kazi cha mwaka uliopita, hadi kikomo ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 32,490. Unachoweka kinapunguza kodi ya mwaka huu, lakini ukitoa utalipa kodi kama mshahara. Inamfaa mwenye kipato kikubwa leo anayetarajia kipato kidogo uzeeni. Mwenye mshahara wa kawaida, ajaze TFSA kwanza.

FHSA. Ni ya anayenunua nyumba ya kwanza: dola 8,000 kwa mwaka hadi 40,000 kwa maisha. Ukitarajia kununua nyumba ndani ya miaka michache, usiweke hisa za benki humo. Nyumba na benki huumwa pamoja.

Akaunti ya kawaida yenye kodi. Hii ije baada ya hizo kujaa. Gawio la benki za Kanada hupata nafuu ya kodi: gawio la dola 100 huandikwa kwenye hesabu kama 138, kisha serikali kuu inakurudishia nafuu ya karibu dola 20.70, na jimbo linaongeza yake. Riba ya akiba haipati nafuu hii, hivyo kwa kipato cha kati gawio hutozwa kodi ndogo kuliko riba.

Ila wazazi wasikilize. Ile 138 ndiyo inayoingia kwenye kipato kinachotumika kupima posho ya watoto. Gawio kubwa kwenye akaunti yenye kodi linaweza kupunguza posho mwaka unaofuata, na jirani hatakuambia hilo. Ndani ya TFSA tatizo halipo.

*Utajua umefaulu* ukiwa umeandika mambo mawili: jina la akaunti utakayotumia, na nafasi yako halisi kwa dola.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti ya kujinunulia mwenyewe

Usiende dirishani. Mshauri wa tawini kwa kawaida hana leseni ya kukununulia hisa moja moja. Atakupa mfuko wa pamoja wa benki wenye ada kubwa au amana ya muda maalumu. Si kwamba anakudanganya, ndicho alichonacho.

Unachotaka ni dalali wa mtandaoni wa kujihudumia. Wapo wasiotoza kamisheni kwa hisa za Kanada, kama Wealthsimple na Questrade, na wapo wa benki zenyewe, kama RBC Direct Investing na TD Direct Investing, ambao kwa kawaida hutoza karibu dola 10 kwa kila muamala. Wakati wa kufungua, chagua aina ya akaunti kwa makini: "TFSA ya kujisimamia", si "TFSA ya akiba".

Hakikisha dalali yumo kwenye orodha ya CIRO, chombo kinachowasimamia. Wateja wa wanachama wake hulindwa na mfuko wa CIPF hadi dola milioni 1 kwa akaunti za kawaida, endapo dalali atafilisika na mali yako isionekane. Mfuko huo haulipi bei ikishuka.

Kama tayari una TFSA mahali pengine, usitoe fedha mwenyewe ukazipeleka. Mwombe dalali mpya ahamishe moja kwa moja kwa fomu. Ukizibeba kwa mkono wako, CRA inahesabu umetoa na umeweka upya, na unarudi kwenye mtego wa pili.

Tahadhari nyingine, ya vikundi vya simu. Ukiona tangazo kwamba "benki ya Kanada inalipa asilimia 5 kwa mwezi kwa wawekezaji wa Kiafrika", futa. Hakuna benki kati ya sita inayopokea uwekezaji kwa WhatsApp, na gawio lao lote la mwaka kwa kawaida halifiki hiyo ya "mwezi".

## Hatua ya 4: Soma gawio bila kudanganyika

Tuchukue benki ya mfano. Hisa moja dola 100, gawio dola 1.10 kila robo mwaka. Kwa mwaka ni 4.40, yaani asilimia 4.4.

Sasa habari mbaya zinatoka, bei inashuka hadi 70. Gawio bado ni 4.40. Asilimia imepanda hadi 6.3. Benki haijaongeza hata senti, ni soko limeogopa. Ndiyo maana kupanga benki kwa asilimia kisha kuchukua ya juu ni sawa na kuuliza soko "ni ipi mnaiogopa zaidi?" halafu kuinunua hiyo bila kujua kwa nini.

Wakati mwingine soko huogopa kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2009 BMO ilionyesha zaidi ya asilimia 10, na waliosema gawio litakatwa walikuwa wengi. Halikukatwa. Lakini pia halikupanda: lilibaki senti 70 kwa robo hadi 2012. Aliyenunua kwa hofu ile alifaidi sana, na aliyekuwa nazo tangu kabla alikaa miaka bila nyongeza. Yote mawili ni benki moja.

Kwa mtu wa muda mrefu, kasi ya kukua ina uzito kuliko asilimia ya leo. Weka dola 10,000 kwenye hisa inayolipa asilimia 3.5 na kuongeza gawio kwa asilimia 7 kila mwaka. Unaanza na dola 350. Jirani kachukua inayolipa asilimia 6 isiyoongeza kitu, anapata 600. Baada ya nyongeza nane umemfikia, kisha unampita kila mwaka. Na bei ya hisa yako ina sababu ya kupanda, ya kwake haina.

Kabla ya kununua, angalia namba nne kwenye ripoti ya robo mwaka. Mwaka wa fedha wa benki hizi huisha Oktoba 31, hivyo ripoti hutoka mwishoni mwa Februari, Mei na Agosti, na mwanzoni mwa Desemba.

1. Sehemu ya faida inayolipwa kama gawio. Gawio la mwaka gawanya kwa faida ya kila hisa. Kwa mfano wetu, faida ikiwa 9.50 kwa hisa, 4.40 ni asilimia 46. Benki nyingi hulenga kati ya 40 na 50. Ikivuka 60 kwa robo kadhaa mfululizo, nyongeza zitakauka kabla ya kitu kingine chochote.

2. Uwiano wa mtaji, unaoandikwa CET1: mtaji wa benki wa kubebea hasara, ukilinganishwa na mikopo na mali zake zenye hatari. OSFI inazitaka benki hizi ziwe na angalau asilimia 11.5. Ukikuta 13 kuna nafasi ya kupumua. Ikikaribia 11.5, benki inaweza kuuza hisa mpya, na kipande chako kinapungua.

3. Fedha iliyotengwa kwa mikopo chechefu, yaani ile inayohofiwa haitalipwa. Kiasi chenyewe hakikuambii mengi. Linganisha na robo ileile ya mwaka jana. Ikipanda kwa benki zote sita, uchumi unaumwa. Ikipanda kwa moja tu, benki hiyo ina jambo lake.

4. Faida kwa mtaji wa wanahisa, ROE. Hii inaonyesha menejimenti inazalisha nini kwa kila dola mliyowaachia. Tazama miaka mitano, si robo moja. Benki inayobaki nyuma ya wenzake kila mwaka haina bahati mbaya, ina tatizo.

Jambo moja la kuangaliwa kwa karibu. Ukurasa wa kwanza wa ripoti utaonyesha faida mbili zimekaa pembeni kwa pembeni: iliyoripotiwa na "iliyorekebishwa". Ya pili imeondolewa gharama ambazo benki inasema ni za mara moja. Robo ya tatu ya 2024, TD iliripoti hasara ya dola milioni 181, wakati faida yake iliyorekebishwa ilizidi dola bilioni 3. Tofauti ilikuwa hasa fedha iliyotengwa kwa ajili ya adhabu ya Marekani kuhusu utakatishaji fedha. Oktoba mwaka huo TD ilikiri makosa, ikakubali kulipa takriban dola bilioni 3 za Marekani, na biashara yake ya rejareja huko ikawekewa ukomo wa ukubwa wa mali. Fedha hiyo ilitoka kweli mifukoni mwa wanahisa, na ukomo ule si wa "mara moja". Soma namba zote mbili, halafu uliza tofauti imetoka wapi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na jedwali la benki sita kwa namba nne, na unaweza kusema kwa nini ile yenye asilimia kubwa ya gawio iko pale.

## Hatua ya 5: Benki moja, tatu, au zote sita?

Kama hutasoma ripoti nne kwa mwaka, na watu wengi wenye kazi mbili na watoto hawatasoma, nunua zote sita kwa pamoja kupitia mfuko unaouzwa sokoni kama hisa. ZEB wa BMO hugawa fedha sawasawa kwa benki zote sita, kwa ada ya karibu asilimia 0.28 kwa mwaka. Hapo hukisii nani atashinda.

Ukipenda kusoma, chagua mbili au tatu zenye maegemeo tofauti. Moja peke yake sishauri.

Usichanganye ZEB na ZWB. Herufi zinakaribiana, na ZWB hutangaza gawio kubwa zaidi. Sehemu ya malipo yake inatokana na kuuza haki ya kupanda kwa bei: benki zikipaa unaachwa nyuma, zikianguka unaanguka nazo. Mstaafu anayetaka fedha kila mwezi anaweza kuwa na sababu ya kuuchukua. Mtu wa miaka 35 anayetaka kukua hana.

Na hata zote sita bado ni biashara moja, nchi moja. Mikopo ya nyumba ya Kanada kwa kawaida husainiwa upya kila miaka mitano. Riba ya Benki Kuu ilipotoka asilimia 0.25 mwanzoni mwa Machi 2022 hadi 5 Julai 2023, ilizibana benki zote kwa mpigo. Tayari kazi yako iko Kanada, pengine na nyumba pia. Mimi huweka kikomo cha robo ya uwekezaji wote kwa benki hizi. Zilizobaki ziende kwenye mfuko wa hisa za dunia nzima.

## Hatua ya 6: Nunua

Soko la Toronto hufunguliwa saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni kwa saa za Toronto. Ruka nusu saa ya kwanza, bei huwa inayumba.

Hakikisha umechagua hisa ya Toronto, ya dola za Kanada. Benki tano kati ya sita zinauzwa New York pia kwa herufi zilezile, na ukikosea soko, dalali atakubadilishia fedha kwa ada ambayo kwa baadhi yao hufika asilimia 1.5. Ni kosa la sekunde moja linalokula gawio la miezi kadhaa.

Tumia oda yenye bei uliyoipanga, si oda ya "bei yoyote ya soko". Hisa ikiwa 100.20, andika 100.30 na idadi unayotaka. Itajazwa kwa bei hiyo au nafuu zaidi. Umiliki unakamilika siku moja ya kazi baada ya ununuzi.

Kama dalali wako anatoza dola 10, usinunue za dola 100, maana umeshapoteza asilimia 10 kabla hujaanza. Kusanya hadi 1,000. Kama hatozi, nunua kila siku ya mshahara.

Usinunue kwa kukimbilia gawio. Kila gawio lina siku ambayo hisa inaanza kuuzwa bila hilo gawio, na ili ulipate lazima uwe umenunua kabla ya siku hiyo. Asubuhi ile bei hushuka kwa kiasi cha karibu gawio lenyewe. Aliyenunua jana akauza leo hajapata kitu, na kama ni akaunti yenye kodi, ameongeza kodi.

*Utajua umefaulu* ukiona oda imejazwa, idadi ya hisa ni uliyotaka, na jedwalini umeandika tarehe, bei na kamisheni.

## Hatua ya 7: Gawio linunue hisa

Wezesha DRIP, mpango wa kugeuza gawio kuwa hisa. Ni kitufe kimoja kwenye mipangilio ya akaunti.

Madalali wengi hununua hisa kamili tu. Kwa mfano wetu wa hisa ya dola 100 na gawio la 1.10, unahitaji hisa 91 ili robo moja izae hisa moja. Ukiwa na 20, unapata dola 22 na zinakaa tu. Suluhisho ni dalali anayeuza vipande vya hisa, au kuunganisha gawio na mshahara unaponunua.

Kwenye akaunti yenye kodi, kila hisa iliyonunuliwa na gawio inaongeza gharama yako ya ununuzi. Usipoiandika, siku ya kuuza utalipa kodi ya faida ambayo tayari uliilipia kama gawio.

## Hatua ya 8: Kushika

Andika leo, kabla bei haijashuka, sababu zitakazokufanya uuze. Zangu ni hizi: gawio limekatwa, mtaji umesogea karibu na kiwango cha OSFI na benki inauza hisa mpya, benki moja imekua hadi kuvuka kikomo nilichoweka, au nimefikia lengo la fedha hizo.

Zisizokuwemo: bei imeshuka, mtu kasema redioni kwamba nyumba za Toronto zitaanguka, benki imesimamisha nyongeza kwa mwaka mmoja. Scotiabank haikuongeza gawio kati ya katikati ya 2023 na katikati ya 2025. Ilikuwa ishara ya kusoma ripoti kwa makini, haikuwa ishara ya kukimbia.

Ndani ya TFSA kuuza kwa hasara kuna uchungu wa ziada. Ukiingiza 10,000, zikawa 6,000, ukauza na kutoa, mwakani unarudishiwa nafasi ya 6,000. Ile 4,000 imekwenda na nafasi yake, na huwezi hata kuitumia kupunguza kodi.

Futa programu ya dalali kwenye simu. Fungua kwenye kompyuta mara nne kwa mwaka ripoti zinapotoka, jaza zile namba nne, funga.

## Kama huishi Kanada

TFSA si yako, na madalali wengi wa Kanada hawatakupokea. Njia yako ni dalali wa kimataifa anayefika New York, ambako utazikuta RY, TD, BNS, BMO na CM. National Bank haipo huko.

Gawio litakatwa kodi ya zuio ya Kanada, ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia, hata ukinunulia New York, maana kampuni ni ya Kanada. Kiwango cha kawaida ni asilimia 25, isipokuwa mkataba wa kodi wa nchi yako unakipunguza. Kanada ina mikataba na Kenya na Tanzania, miongoni mwa nyingine. Soma kifungu cha gawio cha mkataba unaokuhusu kabla ya kupiga hesabu ya mapato.

Aliyekuwa Kanada na kurudi nyumbani anaweza kubaki na TFSA yake, ila asiongeze hata dola. Kila mchango wa asiye mkazi hutozwa asilimia 1 kwa mwezi. Amjulishe dalali kabla ya kuondoka, kwa kuwa baadhi huzuia ununuzi mpya anwani ikibadilika.

Fomu ya kudai kiwango cha mkataba ni NR301. Mpe dalali kabla ya gawio la kwanza. Kodi ikishakatwa zaidi, unairudisha kwa fomu NR7-R, na una miaka miwili tu tangu mwisho wa mwaka ambao kodi iliwasilishwa CRA.